Mkato wa Felician

Mimi, Justina, ndiye niliyemfundisha mdogo wangu Felician kutia uzi kwenye sindano ya cherehani. Nasema hili mapema ili mtu asije akadhani nina wivu. Nilimfundisha kwenye kibaraza cha nyumba ya baba yetu pale Dongobesh, miguu yake ikiwa bado inahangaika kufikia pedali, na kwa miaka mingi tulishona pamoja bila mtu kuuliza nani mkubwa wa kazi. Mteja akija na kitambaa alisema, "Fundi yupo?" na yeyote kati yetu aliyekuwa karibu aliitika.

Kisha mitumba ikatumaliza. Biashara ilipofunguliwa, marobota yalishuka mnadani kama mchanga, na nani atasubiri nimshonee suruali wakati anaweza kuvaa ya Mzungu aliyenenepa? Tukabaki na sare za shule na viraka. Mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, wanasiasa walikuja na ngoma kutuambia maendeleo yamesogea karibu. Mimi niliona vumbi la magari yao tu. Felician aliamini. Alikuwa mtu wa kuamini, na hiyo ilikuwa sehemu ya uzuri wake.

Hapo ndipo alipokuja Madam. Jina lake lilitushinda kulitamka na yeye hakuhangaika kutufundisha. Alikuwa Mzungu wa makamo, mwembamba, anayevaa viatu vyepesi hata kwenye tope la masika, mwenye duka la mavazi Arusha ambako watalii hununua nguo za kwenda kujivunia kwao. Alikodi ghala nyuma ya duka la pembejeo, akaleta cherehani za umeme na jenereta, akatuchukua watatu: Felician, mimi, na Hilda, binti wa Maretadu mwenye mkono mwepesi na maneno machache.

Siku ya kwanza alitubandika beji kifuani. Ya Felician iliandikwa kutirie. Yangu na ya Hilda ziliandikwa kutirieri. Nikamwuliza kwa nini zetu zina mkia. Akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba ndicho Kiingereza cha watu wa mitindo, na kwamba Kiingereza chenyewe kiliyaazima maneno hayo kwa Wafaransa. Mwanaume ni kutirie: anabuni, anakata, na jina lake linakaa kwenye lebo. Mwanamke ni kutirieri: anashona. Ndivyo ilivyo dunia nzima, alisema.

Nilimjibu kwamba huku kwetu fundi ni fundi, awe na ndevu au anyonyeshe. Hilda alicheka akiziba mdomo. Madam hakucheka. Na Felician, ambaye nilitegemea angecheka kuliko wote, alikuwa ameinamisha kichwa akiisoma beji yake.

Kuanzia hapo mkasi ulikuwa wa Felician peke yake. Madam aliununua mpya, mzito, ukakaa kwenye droo yenye kufuli na ufunguo ukakaa shingoni mwa Felician. Nikitaka kupunguza hata pindo ilibidi niende kumwomba mdogo wangu. Naye alibadilika polepole, kama maziwa yanavyoganda, huoni saa yenyewe. Aliacha kula nasi mchana. Alianza kusema "wasichana" akimaanisha mimi na Hilda, na mimi nimemzidi umri wa kutosha kumpiga makofi. Lebo za kwanza zilipofika zimeandikwa Felician kwa uzi wa dhahabu, alichukua moja nyumbani akaiweka ndani ya Biblia.

Mkewe aliitwa Fransiska. Nilimpenda kuliko nilivyompenda Felician wakati ule, nasema kweli. Baba yake alikuwa Mwiraqw kama sisi, mtu wa Nambis, lakini mama yake ni Mbarbaig, na baba alipofariki mama alirudi kwa ndugu zake kwenye tambarare za Hanang, upande wa Basotu, kwenye ng'ombe. Fransiska alikuwa na mimba. Mbili za kwanza zilitoka. Hii ilikaa, na ilipofika mwezi wa saba sote tulianza kutembea taratibu karibu naye, hata mbuzi wakipita kwa kelele tuliwafukuza. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa furaha yote ya nyumba ile. Felician akirudi kazini, kabla hajavua viatu, aliweka kiganja kwenye tumbo la mkewe, na hapo tu ndipo nilipomwona tena yule mdogo wangu wa kibarazani.

Madam alikuwa amewaona wanawake wa Kibarbaig mnadani wamevaa sketi zao za ngozi, zile zenye nyuzi nyembamba za ngozi zinazoning'inia mbele hadi miguuni. Akazitamani. Alitaka kuona moja kwa karibu, aipime, achore. Felician akambembeleza mkewe, na mkewe akambembeleza mama yake.

Lazima nieleze sketi hiyo ni nini, maana wageni huiona kama vazi tu. Mwanamke wa kule huivaa akishaolewa. Wanawake huichuna wenyewe, huilainisha wenyewe kwa mafuta, huishona wenyewe, na mwanaume hana neno juu yake. Wanasema walipewa na Mungu, wao wanawake, pamoja na kuzaa. Mwanaume akimpiga mkewe aliyeivaa, au akiidharau, kesi haiendi kwa wazee wa kiume. Inakwenda kwa wanawake, na huko hakuna rufaa.

Mama Fransiska aliileta mwenyewe imefungwa kwenye blanketi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye bangili za shaba. Hakumtazama Felician, kwa sababu mkwe hatazamwi usoni. Alinipa mimi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiwe dada mtu. Nakukabidhi wewe." Kiswahili chake kilikuwa cha kukata, kila neno linasimama peke yake. "Mikono ya wanawake tu. Isikatwe, isitobolewe. Mtoto akikaribia nitaifuata. Ndiyo nitakayovaa kumwombea."

Nikasema sawa, mama. Nilimaanisha.

Madam alikuja siku iliyofuata na kamera. Aliizunguka sketi pale mezani, akaipiga picha, akainusa, akafurahi. Kisha akasema kulikuwa na maonyesho Arusha wiki ile na anataka koti: nyuzi hizi hizi kifuani, ngozi hii hii mgongoni. Si ngozi nyingine. Alitaka ile iliyozeeka, iliyong'aa kwa mafuta na miaka.

Nikasema haiwezekani. Nikamweleza ya kwao wenye sketi, na kwamba mimi ndiye niliyekabidhiwa. Nikamwambia nitaichora kwenye karatasi ya kaki mstari kwa mstari, atafute ngozi ya mbuzi, koti litapatikana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akageuka kama vile aliyekuwa akiongea ni jenereta.

"Nani kutirie hapa?" akauliza.

Felician alivua ufunguo shingoni.

"Felician," nikasema, "hiyo ni ya mama mkwe wako."

"Dada, kaa kwenye cherehani yako."

"Kama ni lazima iguswe, nipe mimi nifumue mishono. Mimi ni mwanamke. Nikifumua, inaweza kushonwa tena."

"Kukata si kazi yako," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake saa ya chai, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Hilda alitoka nje. Mimi nilibaki. Mkasi uliingia kiunoni mwa sketi na kushuka, na ngozi ilitoa sauti kavu ambayo kitambaa hakitoi. Sitasema uongo: alikata vizuri. Ngozi ya zamani ni ngumu, inateleza, inapinda, lakini yeye hakusita wala hakurudia. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja akaangalia kazi yake, na uso wake ulikuwa na amani kabisa. Nikatamani kulia, na nikatamani kumpiga.

Tulishona koti siku hiyo hiyo. Nilishona mimi, ndiyo, kwa sababu kilichokatwa kilikuwa kimekwisha kukatwa. Lebo ya dhahabu ikawekwa shingoni. Madam akaondoka nalo, na kilichobaki cha sketi, kiuno na vipande vya pembeni, nikakirudisha kwenye blanketi.

Fransiska alikuwa akiniuliza kila nilipokwenda kumsalimu, "Wifi, sketi ya mama ipo salama?" Felician alikuwa amemwambia bado inachorwa. Nilimtazama mdogo wangu usoni, naye akatazama chini, na mimi nikanyamaza kwa sababu ya lile tumbo. Usiku Fransiska alikuwa haoni usingizi. Alisema mtoto anageuka sana.

Mama yake alikuja mwezi wa kujifungua ulipokaribia, kama alivyoahidi. Nilikuwa ghalani na Hilda tu. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha mikono. Nikampa blanketi.

Alilifungua magotini. Akakishika kiuno cha sketi, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo uliokatwa, kutoka juu hadi chini, taratibu. Sikuwahi kuona mtu akikasirika kimya namna ile. Nilimwandalia chai, hakuigusa.

"Nani?" akauliza.

Nikamsogezea chai karibu zaidi.

"Sikuulizi leo," akasema. "Utaulizwa." Akalifunga blanketi, akaondoka kwa miguu bila kupita kwa binti yake.

Kwa siku chache hakikutokea kitu, na Felician akaanza kupiga mluzi. Alisema yule mama ameelewa kwamba ni maendeleo. Kisha asubuhi moja tulifungua ghala tukakuta wanawake wawili wa Kibarbaig wamekaa ng'ambo ya barabara, chini, miguu imenyooshwa, fimbo zimelala mapajani. Hawakuwa na kitu cha kuuza. Niliwaamkia, hawakuitikia. Mchana walikuwa watano. Kesho yake sikuweza kuwahesabu. Walikuja kwa miguu kutoka upande wa Hanang, wazee kwa vijana, wote na sketi zao za ngozi, wote na fimbo, wakakaa mstari mmoja wakitazama mlango wetu. Hawakupiga kelele. Mtu akipita kati yao na mlango, walisubiri apite.

Mji ukaelewa kabla Felician hajaelewa. Wanawake wetu wa Kiiraqw si Wabarbaig, na zamani zetu na wao zina damu ndani yake, lakini jambo la mwanamke na uzazi hakuna aliyethubutu kulichezea. Mama muuza chai alimwambia Felician, kwa adabu kabisa, "Subiri kwanza mambo yaishe, fundi." Muuza nyanya akawa haoni mkono wake. Hilda hakurudi tena kazini, alituma neno kwamba anaumwa. Felician alimpigia Madam kwa simu ya duka la pembejeo, ikaita, ikaita. Akaenda kwa katekista, Patriki, mtu mzima mwenye busara. Patriki alimwambia amwombe Mungu. Alipokuwa anatoka, akamwambia pia atafute dume jeusi la ng'ombe, la kutoa fidia.

Jioni ile Fransiska alitukalisha wote wawili. Alikuwa ameshaambiwa yote, na wala hakulia. Alikaa kwenye kigoda mikono ikiwa juu ya tumbo, akatueleza kama mtu anayesoma hukumu ya mwingine.

"Mwanamke akikosea kwenye sketi ni jambo la nyumbani," alisema. "Anafundishwa, analeta asali, yanakwisha. Mwanaume akitia chuma kwenye sketi ya aliyenizaa, na mimi nina mimba, wananitoa kwake. Nitazalia kwa mama. Mtoto ataitwa wa kule. Na mwanaume mwenyewe hakuna mwanamke atakayempa maji, wala moto, wala salamu. Anaweza kutoa dume. Wanaweza kulikataa."

"Kwa muda gani?" akauliza Felician.

"Hadi wao watakaposema basi. Mjomba wangu alikufa hawajasema."

Akainuka kwenda kulala. Felician alibaki ameshika kichwa, na nikamwona jinsi alivyokuwa mdogo, shati limekuwa kubwa kwake. Kisha akapiga magoti mbele yangu, mwanaume mzima, kwenye sakafu ya udongo.

"Dada. Wewe ndiye uliyekabidhiwa. Sema ulikata wewe."

Nilimtukana. Sitayarudia niliyoyasema, mengine yalimgusa hadi marehemu baba. Nilimkumbusha kwamba nilipoomba kufumua mishono aliniambia kukata si kazi yangu. Alikubali kila kitu. Alisema ni kweli, alisema alikuwa mjinga, alisema atamrudishia Madam beji yake na mkasi wake. "Lakini mtoto wangu, dada," alisema, "mtoto wangu ataitwa wa watu wengine."

Nilifikiria mimba mbili zilizotoka. Nilifikiria Fransiska akitembea hadi Basotu na tumbo lile. Nikasema sawa.

Walituita kesho yake alasiri, kwenye uwanja mtupu nyuma ya mnada. Wanawake walikaa duara. Wanaume wa mjini walisimama mbali, mikono nyuma, Hhando wa bucha akiwa mbele yao kama kawaida yake ya kutaka kuona. Fransiska alikaa karibu na mama yake. Felician aliambiwa asimame nje ya duara, na mimi nikaambiwa niingie ndani. Aliyeongoza alikuwa bibi mmoja mdogo wa umbo, mwenye michoro ya zamani kuzunguka macho, na sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha. Mabaki ya sketi yalikuwa mbele yake juu ya blanketi.

"Ulikabidhiwa wewe?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Nani alitia chuma?"

Jua lilikuwa linanichoma shingoni. Nikasema, "Mimi."

Bibi alikichukua kiuno cha sketi akampa jirani yake. Kikaanza kuzunguka duara, mkono kwa mkono. Kila mwanamke alikishika, akapitisha kidole kwenye ukingo, akampa mwenzake. Wengine walinong'ona kwa lugha yao. Nilijua wanachokitafuta: walitaka kuujua mkono uliokata.

"Haukutetemeka," akasema bibi kilipomrudia. "Nimekata ngozi tangu nikiwa msichana. Hii ni ngozi ya miaka mingi. Hata mimi sikati hivi." Akatikisa kichwa. "Nani alikufundisha?"

"Nilijifunza mwenyewe, bibi."

"Wewe ni fundi. Basi kosa lako ni kubwa, kwa sababu ulijua. Lakini ni la nyumbani." Akamgeukia mama Fransiska, wakaongea kidogo, na mama Fransiska akakubali kwa kichwa. "Utaleta asali. Utakuja kukaa kwetu, utachuna ngozi na sisi, utaishona sketi nyingine kwa mikono hiyo hiyo, na mwenzetu ataivaa. Mtoto atazaliwa kwa baba yake."

Kitu kikafunguka katika uwanja ule, nilikisikia. Fransiska alijifunika uso kwa khanga, mabega yakitetemeka, na mwanamke aliyekaa naye akampapasa mgongo. Fimbo zikaanza kuwekwa chini. Mmoja akatoa ugoro. Nilitaka kukaa palepale kwenye vumbi nicheke kama kichaa.

Bibi naye sasa alikuwa anatabasamu. Alimtazama Felician kule nje ya duara, kwa utani ule wa wazee ambao hufunga mambo mazito.

"Na wewe mkwe wetu," akasema, "tulisikia huku kuna mwanaume fundi mkubwa, jina lake limeshonwa kwa dhahabu. Kumbe mkubwa ni dada yako. Wewe ulikuwa unafanya nini pale, unakanyaga pedali?"

Wanawake wakacheka. Kilikuwa kicheko chema, cha watu waliokuwa wamebeba mzigo wakautua. Nyuma, wanaume nao wakacheka, na Hhando akasema kwa sauti ya kusikika, "Nilisema siku zote, fundi pale ni Justina. Yule anashona tu."

Nikamgeukia Felician ili nimtabasamie, aelewe kwamba yamekwisha, acheke na yeye twende nyumbani. Hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umekakamaa, macho yakiwa kwenye kile kipande cha ngozi mkononi mwa bibi. Nilimjua tangu anatambaa. Niliona linakuja, nikatikisa kichwa, nikatikisa tena.

"Mkato huo ni wangu," akasema.

Kicheko kikafa kidogo kidogo, kwa waliosikia kwanza, kisha kwa wengine.

"Felician," nikasema.

Bibi aliinua mkono kunizuia. Nadhani alitaka kumpa nafasi. Alikuwa mzee, ameona wanaume wengi. "Mkwe wetu," akasema polepole, "kuna upepo. Sikusikia vizuri. Umesema nini?"

Fransiska alikuwa ameshusha khanga. Alikuwa anamtazama mumewe. Uwanja mzima ulimsubiri mdogo wangu asirudie.

"Nimesema ni wangu," akasema Felician. "Dada hajawahi kushika mkasi ule. Nilianzia kiunoni nikashuka mara moja, bila kurudia. Yeye anashona tu."

Bibi akakunja kipande cha ngozi ndani ya blanketi, akalifunga, akainuka. Wote wakainuka naye. Hawakupiga kelele, hawakumlaani, hata mate hawakutema. Walizichukua fimbo zao. Mmoja mmoja walipita mbele yake wakigeuza nyuso upande wa pili, na kila aliyepita aliburuza ncha ya fimbo chini, hadi kukawa na mfereji mwembamba kati yake na sisi. Wanawake wa mjini waliokuwa wanatazama kutoka kwenye vibanda wakaanza kufunga madirisha.

Fransiska aliinuka kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Mama yake alimshika. Alipofika kwangu alisimama, akanibana vidole. "Umejaribu, wifi," akasema. Kwa mumewe hakugeuka. Walimweka katikati yao, wakapunguza mwendo kwa ajili yake, wakashika njia ya Hanang, na nyuzi za ngozi zilisikika zikigongana hadi walipovuka kilima.

Wanaume walitawanyika. Hhando aliondoka wa mwisho. Felician alikuwa bado amesimama nje ya duara ambalo halikuwapo tena, akaniangalia, akiwa na uso wa mtoto anayengojea kuambiwa kwamba pindo lake limenyooka.

"Lakini dada," akasema, "wewe mwenyewe ulikuwapo. Si nilikata vizuri?"

Nilijifunga khanga yangu vizuri, nikapita pembeni yake nikigeuza uso upande wa pili, kwa sababu na mimi ni mwanamke.